Mhimili wa muda ukijaa maandishi yaliyopandana kwenye R

Ukichora kwa ggplot2 (kifurushi cha grafu cha R, lugha ya kuchambua data) na mhimili wa chini ukawa msitu wa maandishi, mara nyingi safu ya muda imesomwa kama maneno. Igeuze kabla ya kuchora (hapa d ni jedwali lako la data, muda ni safu yenyewe):

d$muda <- as.POSIXct(d$muda, format = "%d/%m/%Y %H:%M", tz = "Africa/Nairobi")

Sasa kila kipimo kinahesabiwa kwa sekunde tangu 1 Januari 1970, hivyo nukta zinakaa kwa umbali wake halisi, na kifaa cha kupimia kikizima usiku kucha pengo linaonekana. Yakibaki maneno, hupangwa kialfabeti: 01/02/2024 inatangulia 15/01/2024! Angalia herufi: %m ni mwezi, %M ni dakika.

Kama kifaa kilirekodi kwa UTC (saa ya kimataifa), soma kwa tz = "UTC" kwanza, kisha andika attr(d$muda, "tzone") <- "Africa/Nairobi". Bila hivyo grafu nzima iko nyuma kwa saa 3.

Inagoma wapi? Tarehe isiyolingana na muundo hugeuka NA (thamani tupu) kimyakimya, kwa hiyo endesha sum(is.na(d$muda)). Mbaya zaidi ni 03/04: ikiwa mwandishi alianza na mwezi, itapita bila kulalamika. Na daftari lililoandikwa kwa saa za Kiswahili (saa 2 asubuhi badala ya 08:00) R hailijui kabisa. Hapo ongeza + 6*3600 (sekunde za saa 6) kwa vipimo vya mchana. Vya usiku vinataka kuongezewa saa 18, na vya baada ya saa 6 usiku uvikague kwa mkono kwa sababu tarehe inaweza kuruka.