Kuripoti Kasoro ya Gari kwa Serikali ya Marekani

Gari linapozimika ghafla katikati ya barabara kuu, wengi wetu tunaoishi Marekani hulipeleka kwa wakala aliyetuuzia, tukaambiwa kwamba kompyuta haikuonyesha hitilafu yoyote, tukalipia uchunguzi huo na kurudi nyumbani tukinung'unika. Malalamiko huishia pale kaunta. Si kazi ya wakala kuyafikisha serikalini kwa niaba yako, na kiwanda kilichotengeneza gari kina sababu zake za kuliona tatizo lako kuwa la gari moja tu. Mwenye kulipeleka jambo hilo mbele ni dereva mwenyewe, nayo kazi hiyo haihitaji wakili wala malipo yoyote.

Ofisi inayohusika ni NHTSA, yaani Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Barabara Kuu, iliyo chini ya Wizara ya Uchukuzi ya Marekani. Sheria ya usalama wa magari ya mwaka 1966 ndiyo inayoipa serikali uwezo wa kukilazimisha kiwanda kuyaita magari yenye kasoro ya hatari yarudishwe na kuyatengeneza bure. Uwezo huo unahusu usalama peke yake. Usukani unaokatika au kukwama, mafuta yanayovuja, kanyagio la mwendo lisilorudi, nyaya zinazowaka moto, mkanda unaofunguka wenyewe na mfuko wa hewa unaofumuka bila ajali, yote hayo yanaihusu. Kiyoyozi kisichopoza, redio mbovu, rangi inayobanduka, injini inayokula oili na breki zilizolika kwa matumizi ya kawaida hayaihusu, hata kama yamekugharimu fedha nyingi. Matairi na viti vya watoto vya kwenye gari vimo pia, jambo ambalo wazazi wengi hawalijui.

Kabla ya kufungua fomu, tafuta kwanza nambari ya utambulisho wa gari, ambayo kwenye karatasi za usajili huandikwa VIN. Ina tarakimu na herufi 17, na utaiona juu ya dashibodi upande wa dereva ukichungulia kupitia kioo cha mbele ukiwa nje, au kwenye kibandiko kilicho ndani ya fremu ya mlango wa dereva. Herufi I, O na Q hazitumiki kamwe katika nambari hiyo, kwa hiyo ukidhani umeziona, ujue ni 1 au 0. Kwa tairi, nakili mfululizo unaoanza na herufi DOT ubavuni mwake; tarakimu 4 za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa kiti cha mtoto, soma kibandiko chenye jina la modeli na tarehe ya kutengenezwa. Kusanya pia risiti za gereji na picha, na kipande kilichovunjika usikitupe. Ikiwa gari limeharibika kabisa na kampuni ya bima inataka kulichukua, lipige picha vizuri kabla halijaondoka, kwa sababu likishafika kwa wauza vyuma chakavu ushahidi umekwenda nalo.

Sehemu yenye thamani kuliko zote ni maelezo unayoyaandika mwenyewe, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Wako wanaoandika hasira, na wako wanaoandika dhana ya fundi kana kwamba ni jambo walilolishuhudia. Kisa cha magari ya General Motors, hasa Chevrolet Cobalt, kinaonyesha kwa nini maelezo kamili yana uzito. Swichi ya kuwashia ilikuwa legevu, kiasi kwamba uzito wa bunda la funguo au goti la dereva liliweza kuirudisha nyuma gari likiwa mwendoni. Injini ikazimika, usukani ukawa mgumu, na ajali ilipotokea mifuko ya hewa haikufumuka. Malalamiko kuhusu magari kuzimika yalikuwepo, na mwaka 2007 palitolewa pendekezo ndani ya NHTSA la kuchunguza mifuko ya hewa isiyofumuka, lakini uchunguzi haukufunguliwa, kwa kuwa kuzimika kwa gari na kutofumuka kwa mfuko havikuunganishwa kuwa jambo moja. Magari hayo yalikuja kuitwa mwaka 2014, yapata milioni 2.6, na mfuko wa fidia uliofuata ulikubali madai ya vifo 124.

Kwa hiyo eleza mambo yote yaliyotokea pamoja, hata usiyoona uhusiano wake: ulikuwa mwendo gani, barabara ilikuwa kavu au yenye theluji, taa gani ziliwaka kwenye dashibodi, funguo nyingine zilining'inia au la, gari liliwaka tena baada ya dakika ngapi, na limetembea maili ngapi tangu litoke kiwandani. Tenganisha uliloliona wewe na alilokuambia fundi. Taja waziwazi ikiwa kulikuwa na ajali, moto au majeruhi, na idadi yao. Ikiwa Kiingereza chako hakijakaa sawa, andika kwanza kwa Kiswahili kwa utulivu, kisha mwombe mtu unayemwamini akutafsirie, na mkumbushe mambo mawili yanayowaponza watu wetu: saa moja na nusu asubuhi ni 7:30 kwa hesabu ya Wamarekani, na wao hutanguliza mwezi kabla ya siku, kwa hiyo 04/09 kwao ni tarehe 9 Aprili.

Maelezo yakishakuwa tayari, kuyawasilisha ni kazi ndogo. Ingia kwenye tovuti ya NHTSA.gov, chagua sehemu ya kuripoti tatizo la usalama, uweke VIN na ujaze, au piga simu namba 888-327-4236. Utaulizwa ikiwa unaruhusu jina na mawasiliano yako yapewe kiwanda. Kwa maoni yangu ni vyema kuruhusu, maana wahandisi wa kiwanda wanaweza kutaka kulikagua gari lenyewe, lakini uamuzi ni wako. Malalamiko huwekwa hadharani yakiwa yameondolewa jina na anwani. Kabla ya kuandika, soma ya wenzako wenye modeli kama yako, ila usiige maneno yao. Simulizi inayofanana neno kwa neno na nyingine humtia msomaji shaka. Hifadhi namba utakayopewa.

Usikae ukingoja simu. Wachunguzi husoma malalamiko wakitafuta mwelekeo, na hakuna idadi maalumu inayotakiwa ili uchunguzi ufunguliwe. Kasoro inayoua inaweza kuchunguzwa kwa ripoti chache. Wakiona dalili, hufungua tathmini ya awali, kisha ikibidi uchambuzi wa kihandisi, na huenda miezi mingi ikapita. Anayeona jambo limelala ana haki ya kuwasilisha ombi rasmi la kutaka uchunguzi, nalo kisheria hutakiwa kujibiwa ndani ya siku 120. Lakini NHTSA haitakutetea dhidi ya wakala wala kukurudishia fedha za gari bovu. Kwa madai hayo kuna sheria za majimbo kuhusu magari mapya yenye kasoro zisizotengenezeka, na ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo lako ndiyo pa kuanzia.

Ikithibitika kuwa kasoro ipo, kiwanda hutoa wito wa kuyarejesha magari na kuwaandikia wenye magari kwa posta ndani ya siku 60 baada ya kuiarifu NHTSA. Barua hizo hufuata anwani iliyo kwenye usajili wa gari, na sisi tunaohama nyumba kila mkataba wa pango unapokwisha ndio tunaozikosa. Badilisha anwani kila unapohama. Matengenezo ni bure ikiwa gari halijapita miaka 15 tangu liuzwe mara ya kwanza, na ikiwa ulikwisha kulipia ukarabati wa kasoro hiyohiyo kabla ya wito, risiti zako zinaweza kukurudishia fedha. Ukinunua gari lililotumika, angalia VIN yake kwenye tovuti hiyo kabla ya kulipa, kwa sababu sheria ya shirikisho haimkatazi muuzaji kukuuzia gari lililotumika lenye wito ambao haujatekelezwa, ilhali kampuni kubwa za kukodisha zimekatazwa kuyakodisha ya namna hiyo.

Mifuko ya hewa ya Takata, kampuni ya Kijapani iliyoviuzia viwanda vingi vya magari, inastahili kutajwa peke yake. Kemikali yake, amonia naitreti, huharibika kwa joto na unyevunyevu wa miaka mingi, na mfuko unapofumuka chombo cha chuma kinachobeba kemikali hiyo huweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa aliye mbele yake. Marekani peke yake iliita vyombo hivyo yapata milioni 67. Anayemtumia ndugu gari la Marekani huko Mombasa au Dar es Salaam, kwenye hali ya hewa inayoiharibu kemikali hiyo, afanye matengenezo haya kabla halijapandishwa melini. Gari lililotoka Japani kwa matumizi ya ndani ya nchi hiyo halina VIN ya tarakimu 17 bali namba fupi ya chesisi, ambayo tovuti ya Marekani haiitambui. Namba hiyo hutafutwa kwenye tovuti ya Kijapani ya kampuni iliyolitengeneza.