Jinsi ya Kutengeneza Hidrojeli ya PEG Ambayo Seli Zinaweza Kuikata: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu unaeleza namna ya kutengeneza hidrojeli ya sintetiki, yaani mtandao wa polima uliojaa maji, ambao ndani yake seli shina za mesenkima, zile zinazopatikana katika uboho wa mfupa, zinaweza kuishi, kujinyoosha na kuanza kujenga tishu yao wenyewe. Kati ya njia nyingi zilizopo nimechagua moja tu, yaani poliethilini glaikoli (PEG) yenye ncha za norbonini (kundi la kemikali linaloshika thioli za peptidi) inayogandishwa kwa mwanga, kwa sababu ndiyo ninayoitumia karibu kila wiki na ndiyo ninayoona inamfaa zaidi anayeanza. Msomaji awe ameshakuza seli maabarani na awe mzoefu wa pipeti na kabati la usalama wa kibaolojia. Ujuzi wa kemia ya polima si lazima.

Kwa nini PEG? Jeli za asili, kama zile za kolajeni au zile zinazotolewa katika uvimbe wa panya, hupendwa sana na seli, lakini hubadilika kutoka shehena moja hadi nyingine, na ndani yake mna protini nyingi kiasi kwamba seli ikifanya jambo fulani ni vigumu kusema imeambiwa na nani. PEG ni bubu. Protini hazing'ang'anii juu yake, na seli haioni ndani yake kitu chochote cha kushika. Kwa hiyo kila neno ambalo seli italisikia ndani ya jeli hiyo ni lile tulilolitia sisi kwa mikono yetu, na kwa kiasi tulichokipima.

Hatua ya kwanza: Anza na mahitaji ya seli

Andika kwenye daftari majibu ya maswali matatu. Seli itashika nini? Itapitia wapi? Jeli iwe ngumu kiasi gani?

Jibu la swali la kwanza lilianza kupatikana mwaka 1984, pale Pierschbacher na Ruoslahti walipoonyesha kwamba seli hujishikiza kwenye protini ya fibronekitini kupitia kipande kifupi sana cha asidi amino, arginini, glaisini na asidi aspatiki, ambacho kwa herufi huandikwa RGD. Tutatumia peptidi (mnyororo mfupi wa asidi amino) CRGDS, ambayo herufi C ni sisteini yenye thioli, yaani kundi la salfa na hidrojeni, ambayo mwanga ukiwaka itaifunga kwenye norbonini ya PEG.

Jibu la pili ni MMP, vimeng'enya ambavyo seli hutoa ili kukata protini zinazoizunguka. Vitundu vya mtandao wa PEG vina upana wa nanomita chache tu, wakati seli ina upana wa maikromita zaidi ya kumi, kwa hiyo seli haiwezi kupenya bila kukata njia. Tunaijengea mlango kwa kufanya kiunganishi chenyewe, kile kinachofunga molekuli moja ya PEG na nyingine, kiwe peptidi ambayo MMP huikata. Ninayoitumia ni KCGPQGIWGQCK, yenye sisteini karibu na kila ncha, na hukatwa kati ya G na I.

Swali la tatu lina jibu gumu zaidi. Utafiti wa Engler na wenzake wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba seli shina za mesenkima zilizowekwa juu ya jeli laini ya kilopaskali (kipimo cha ugumu) 0.1 hadi 1 zilielekea sura ya seli za neva, za kilopaskali 8 hadi 17 zilielekea misuli, na za 25 hadi 40 zilielekea mfupa. Namba hizo hunukuliwa kila mahali, lakini seli zile zilikuwa zimekaa juu ya jeli. Seli iliyozikwa ndani ya jeli ngumu isiyokatika hubaki duara na haiwezi hata kuvuta ukuta unaoizunguka. Kwa hiyo ushauri wangu ni kuanza na jeli laini inayokatika, kisha kupandisha ugumu taratibu.

Hatua ya pili: Hesabu mikono

Hapa ndipo jeli nyingi huharibikia, kabla hata kichupa hakijafunguliwa, na ndipo ninapomwomba msomaji atulie.

Chukua PEG ya mikono minne, yaani molekuli yenye matawi manne, yenye uzito wa kilodaltoni 20. Tukitaka jeli ya asilimia 5, yaani gramu 50 kwa lita, tunagawanya 50 kwa 20,000 na kupata molekuli za PEG milimola 2.5 kwa lita. Kila molekuli ina mikono minne na kila mkono umebeba norbonini moja, kwa hiyo tunayo mikono ya milimola 10. Huo ndio mtaji wetu wote, na kila kitakachofungwa kwenye jeli kitalipiwa kutoka humo.

RGD ya milimola 1 inachukua mkono mmoja kwa kila molekuli yake, hivyo inabaki mikono ya milimola 9. Kiunganishi kina thioli mbili. Tukiamua kufunga asilimia 80 ya mikono iliyobaki, tunahitaji thioli za milimola 7.2, yaani kiunganishi cha milimola 3.6. Asilimia hiyo 80 ndiyo usukani wa ugumu: ukiisogeza karibu na 100 jeli inakaza, ukiishusha inalegea, na kiasi cha PEG kinabaki vilevile. Ukivuka 100 jeli hulegea tena, kwa sababu viunganishi vinagombania mikono na vingi vinaning'inia kwa ncha moja.

Sasa angalia mtego. Ukitaka kulinganisha jeli yenye RGD na isiyo na RGD, usiiondoe RGD na kuacha nafasi yake wazi, kwani mikono iliyoachwa huru inabadilisha uwiano wa thioli na norbonini, na matokeo yake unalinganisha jeli mbili zinazotofautiana kwa mambo mawili. Weka mahali pake peptidi yenye herufi zilezile zilizopanguliwa, CRDGS, kwa kiasi kilekile. Seli haiitambui, lakini mkono umeshikwa.

Hatua ya tatu: Pima peptidi kwa uaminifu

Uzito wa molekuli wa kiunganishi chetu ni takriban 1,305, hivyo milimola 3.6 ni miligramu 4.7 kwa mililita. Lakini unga uliomo kwenye kichupa si peptidi tupu. Una chumvi na maji yaliyobaki wakati wa kusafishwa. Ikiwa cheti kinasema peptidi halisi ni asilimia 80, pima karibu miligramu 5.9. Usichanganye namba hiyo na ile ya usafi, ambayo husema tu kiasi gani cha peptidi iliyomo ndiyo peptidi uliyoagiza.

Kichupa kikitoka kwenye friza, kiache kimefungwa mezani mpaka kifikie joto la chumba. Katika hewa yenye unyevu kama ya pwani, kichupa baridi kikifunguliwa tu, maji hutanda ndani yake mara moja. Niliwahi kupoteza mwezi mzima kwa haraka ya aina hiyo. Unga uliokuwa mwepesi kama poda ulianza kujibanza kwenye kuta za kichupa kama sukari iliyolowa, mimi nikaendelea kuupima, na jeli za wiki hiyo zikatoka telezi kama ute wa bamia. Niliilaumu taa na niliilaumu PEG kabla ya kukumbuka kichupa.

Hatua ya nne: Tayarisha miyeyusho na uhakikishe thioli

Yeyusha kila kitu katika bafa ya fosfati yenye chumvi (PBS), kila kimoja kwenye mrija wake: PEG asilimia 20, kiunganishi milimola 36, CRGDS milimola 20, na kianzishi cha mwanga LAP milimola 20. Vipitishe kwenye kichujio cha maikromita 0.22 ili viwe tasa. Visipikwe kwenye otoklevu. LAP ifunikwe kwa karatasi ya alumini.

Thioli mbili zikikutana na oksijeni hufungana zenyewe kwa zenyewe, na hapo hazina kazi tena. Kwa hiyo miyeyusho ya peptidi itengenezwe siku ileile, na thioli zilizo hai zipimwe kwa kipimo cha Ellman, ambacho hutoa rangi ya njano inayosomwa kwenye nanomita 412. Ikisomeka pungufu, rekebisha ujazo kulingana na thioli zilizopo, si kulingana na uzito uliopima.

Hatua ya tano: Gandisha bila seli kwanza

Kwa mililita moja, changanya PEG maikrolita 250, kiunganishi 100, CRGDS 50, LAP 100 na PBS 500. Hapo unapata viwango vyote tulivyohesabu, pamoja na LAP ya milimola 2.

Kalibu yangu ni bomba la sindano la mililita 1 lililokatwa ncha kwa wembe tasa. Lisimamishe wima, weka maikrolita 30 juu ya pistoni, na umulike kwa mwanga wa nanomita 365 wenye nguvu ya miliwati 10 kwa sentimita mraba kwa dakika 2. Nguvu hiyo ipimwe pale pale jeli itakapokaa, kwa sababu taa hudhoofika kadiri inavyotumika. Kisha sukuma pistoni polepole: kinatokea kidonge kinachopitisha mwanga kama kioo, ambacho kikidondoshwa kwenye PBS karibu kinapotea machoni. Vifaa vya kubuni kama hivi vina historia katika fani hii. Otto Wichterle, aliyechapisha pamoja na Drahoslav Lím mwaka 1960 kazi iliyofungua njia ya hidrojeli za kitabibu, alitengeneza lenzi zake za macho mwishoni mwa mwaka 1961 kwa mashine aliyoiunda nyumbani kutokana na vipande vya mchezo wa watoto.

Ziache jeli kwenye PBS kwa saa 24 kabla ya kupima, kwa kuwa zitavimba na kulegea, na seli zitaishi katika jeli iliyovimba. Pima uzito wake, zikaushe, pima tena. Uwiano wa uzito huo ni kipimo rahisi cha jinsi mtandao ulivyofungamana. Ugumu upimwe kwa rheomita, kifaa kinachopima jinsi jeli inavyokinza kusukumwa upande. Ukipata moduli ya mkato G, zidisha kwa 3 upate makadirio ya moduli ya Young, ndiyo inayolinganishwa na zile kilopaskali za hatua ya kwanza. Usishangae ikiwa ni ndogo kuliko ulivyotarajia kwa hesabu: katika myeyusho mwepesi, viunganishi vingi hujikunja na kushika mikono miwili ya molekuli ileile, na kitanzi cha namna hiyo hakibebi mzigo.

Hatua ya sita: Tia seli

Badala ya zile maikrolita 500 za PBS, weka seli milioni 4 kwa mililita zilizo ndani ya PBS, ili jeli iwe na milioni 2. Usitumie chakula cha seli chenye seramu katika hatua hii. Albumini yake ina thioli ya kwake, na rangi nyekundu ya chakula hicho hunyonya mwanga. Fanya kazi kwa haraka, ukichanganya kila baada ya jeli chache, la sivyo seli zitatuama chini. Jeli ikishaganda, ihamishie kwenye chakula kamili, na ukibadilishe baada ya saa moja ili kuosha LAP iliyobaki.

Tengeneza makundi manne: yenye RGD na kiunganishi kinachokatika, yenye CRDGS na kinachokatika, yenye RGD na kiunganishi cha PEG yenye thioli mbili, kisichokatika, na isiyo na kimoja wala kingine.

Hatua ya saba: Soma jeli

Siku ya kwanza tumia rangi za kalseini na ethidiamu homodaima: seli hai hung'aa kijani, zilizokufa nyekundu. Wekundu ukienea jeli nzima, shuku mwanga au LAP. Ukikusanyika katikati tu, shuku uhaba wa oksijeni, na upunguze unene wa jeli au idadi ya seli.

Siku ya saba, katika kundi la kwanza utaona seli zimetoa mikono mirefu myembamba, nyingine zikigusana. Katika kundi la tatu zitakuwa duara, ingawa RGD ipo. Zikiwa duara katika kundi la kwanza pia, shusha kwanza kiunganishi kutoka asilimia 80 hadi 65 kabla ya kuongeza RGD. Na jeli zikiyeyuka kabla ya wiki ya pili, linganisha na zisizo na seli zilizokaa kwenye inkubeta ileile: zikiwa nazo zinalegea, tatizo si MMP bali ni esta, kifungo cha kemikali kinachounganisha norbonini na PEG, ambacho maji hukivunja polepole, na dawa yake ni kuagiza PEG ambayo norbonini yake imefungwa kwa amidi, kifungo kinachostahimili maji zaidi.