Somo: Kupima mwanga wa SS Cygni ukiwa Kisumu, binokula tu inatosha

Haya wadau, mliomba nyota ambayo mtu anaona ikibadilika bila kungoja miaka, basi chukueni SS Cygni. Kawaida iko magnitudo 12 (magnitudo ni kipimo cha mwanga wa nyota, namba ikiwa ndogo nyota ni kali zaidi), kwa binokula huioni, halafu kwa kama siku moja hivi inaruka mpaka 8, yaani mwanga umeongezeka karibu mara 40, inakaa wiki moja ama mbili inashuka tena, na baada ya wiki saba hivi (saa ingine nne, saa ingine kumi, haina ratiba) inarudia. Si nyota moja, ni mbili: kibete nyeupe (kiini kidogo kizito kilichobaki baada ya nyota kuisha) na jirani yake, wanazungukana kwa saa 6 na nusu tu, wamekaribiana hadi kibete anamnyonya mwenzake gesi. Hiyo gesi haimwangukii moja kwa moja, inajikusanya kwa sahani inayomzunguka, ikijaa inapata moto, inaanza kumwagikia kibete na sahani nzima inawaka.

Hatua ya 1. Ingia tovuti ya AAVSO, hicho chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota zinazobadilika mwanga, kipo tangu 1911, andika SS Cyg, toa chati, print. Namba kando ya nyota ni magnitudo bila nukta, 85 ni 8.5, nukta wameitoa isije mtu akadhani ni nyota.

Hatua ya 2. GEUZA CHATI JUU CHINI. Imechorwa kaskazini ikiwa juu, lakini sisi wa ikweta tukitazama kaskazini, kaskazini yenyewe iko chini kabisa pale upeoni na mashariki iko mkono wa kulia. Wengi wanapotelea hapa kisha wanalaumu binokula.

Hatua ya 3. Mwezi wa kumi, saa tatu usiku, tazama kaskazini, katikati ya upeo na utosi. Kaa gizani dakika 20 kwanza, tochi ifunike na nailoni nyekundu. Tafuta Deneb, ile kali, sogea kulia ngumi moja ya mkono ulionyooka utafika 75 Cygni (magnitudo 5), SS Cygni iko chini kulia kwake, umbali kama upana wa mwezi mpevu.

Hatua ya 4. Linganisha. Tuseme kuna ya 82 na ya 90, yako ikiwa katikati andika 8.6, ikiwa imeegemea ile ya 82, robo ya njia, andika 8.4. Na usichungulie makadirio ya wengine kabla hujaandika yako, ukishasoma 8.5 jicho litaona 8.5 tu, hilo silegezi.

MASWALI

Nakuru: Mimi usiku mwingi sioni kitu pale, si niache tu kuandika?
Jibu: Usiache dada! Tafuta nyota hafifu kabisa uliyoiona kwa chati, kama ni 93 andika <9.3. Alama hiyo maana yake ni hafifu kuliko 9.3. Hiyo ni rekodi kamili, bila hiyo nani atajua mlipuko ulianza usiku gani.

Ahero: Mwalimu, saa niandike ya Kiswahili ama ya simu?
Jibu: Hakuna hata moja hapo, AAVSO unakotuma makadirio wanataka UT, yaani saa moja ya dunia nzima. Toa 3 kwa ile ya simu: saa tatu usiku simu inasema 21:00, UT ni 18:00. Chunga tarehe, saa nane usiku wa kuamkia tarehe 12 ni 23:00 UT ya tarehe 11. Na hapo kwenu kwa mashamba ya mpunga vaa mikono mirefu, mbu hawajui astronomia.

Kondele: Kukiwa na mawingu ya ziwa pia naandika <?
Jibu: Hapana, kama nyota za chati zenyewe zimefunikwa huna la kuandika. Radi ikianza kumulika ingia ndani.

Kakamega: Na ile nyota nyingine inayolipuka, T Coronae Borealis, ni ukoo mmoja na hii?
Jibu: Pia ni kibete anayemnyonya jirani, ila jirani wake ni jitu jekundu (nyota kubwa iliyovimba) na mzunguko ni siku 228 hivi. Pale ni hidrojeni iliyorundikana juu ya kibete inalipuka kinyuklia, 1866 na 1946 ilitoka 10 ikafika 2, ukaiona kwa macho matupu. SS Cygni haifiki huko, lakini hungoji miaka 80.