Mnaopanda Lupanga wikiendi, jifunzeni haya kwanza

Jamani kila mtu akienda porini anauliza chui na nyoka, ila huku milima ya Uluguru cha kuogopa kwanza ni kulowana ukiwa juu halafu giza likukute njiani. Morogoro mjini ni kama mita 500 kutoka usawa wa bahari, kilele cha Lupanga kinapita 2,100, na kila mita 1,000 joto linashuka nyuzi 6 hivi, kwa hiyo chini unaanza na fulana ya pamba jasho linakutoka, juu unakuta ukungu na manyunyu, fulana ikishalowa haikauki tena na upepo unakumaliza taratibu. Beba sweta na koti la mvua hata kama asubuhi jua kali, na nguo moja kavu uifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, usiiguse mpaka mmesimama.

Mwenzenu akianza kutetemeka sana, maneno yanamkwama, anajikwaa kwaa, msimwambie ajikaze. Mvueni nguo mbichi, mvalisheni kavu, akae juu ya majani makavu au mabegi maana ardhi inanyonya joto kuliko mnavyodhani, mpeni chai ya sukari kama anaweza kumeza. Pombe hapana kabisa, anajisikia moto lakini ndo joto la mwili linazidi kutoka.

Msitu ule ni hifadhi ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, chukueni kibali na mtu wa kuwaongoza, na mwambie mtu wa nyumbani unapita njia gani na ukiwa kimya mpaka saa ngapi aanze kutafuta. Saa 8 mchana hamjafika kileleni, geuzeni tu, kilele hakihami. Tochi kila mtu na yake, ya simu usiihesabu.

Sasa ukipotea. Kaa chini, kunywa maji, kumbuka ni wapi mara ya mwisho ulikuwa na uhakika na njia. Kama hujui urudi vipi basi tulia hapo hapo, anayekutafuta anaanzia kwenye njia uliyosema, ukitembea tembea unamkimbia. Watu wanasema fuata mto utafika kwa watu, lakini mito ya Uluguru inashuka kwenye maporomoko na mawe yanateleza, usiku ukifanya hivyo unavunjika mguu. Kabla ya kulala angalia kama siafu hawapiti hapo.

Moto ni wa dharura tu, na kwenye msitu mbichi kiberiti peke yake hakitoshi, beba vipande vya tyubu ya baiskeli, vinashika hata vikiwa na unyevu. Maji ya kijito chemsha yatokote, ukiwa juu ya mita 2,000 acha dakika 3.

Nyoka akiuma usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kubana, vua pete na saa, mguu usichezeshwe, abebwe mpaka hospitali.

Simu iweke bila mtandao kuanzia mnapoanza kupanda, kutafuta mtandao kunakula chaji. Ukihitaji msaada tafuta sehemu ya wazi, tuma meseji maana inapenya hata mtandao ukiwa dhaifu, piga 112, halafu filimbi: mara tatu, pumzika dakika moja, tena mara tatu, usichoke, sauti ya kupiga kelele inakauka mapema ila filimbi unaweza kupuliza mpaka asubuhi.