Uchafu usioujua kwenye chaja ya gari la stima: usome kabla hujaufuta

Ukikuta unga, utando au weusi kwenye chaja, mahali palipokuwa safi wiki iliyopita, usikimbilie kitambaa. Rangi ya uchafu na mahali ulipokaa ndivyo vitakavyokuonyesha kama kazi ni ya mswaki au ya fundi. Piga picha kwanza. Kisha zima breka ya chaja kwenye boksi la stima (kuzima kwa programu ya simu hakutoshi), chomoa plagi kwenye gari, usubiri dakika 5.

Kwa nyumba za Mombasa, kama Nyali, Shanzu au Kizingo, zinazopigwa na upepo wa bahari, unga mweupe mara nyingi ni chumvi. Tia kidogo kwenye maji: ukiyeyuka wote, ni chumvi. Usipoyeyuka na umezunguka skrubu au chuma cha kushikilia kasha, ni kutu ya zinki au ya alumini. Chumvi kavu haina neno. Tabu yake ni kunyonya unyevu wa usiku na kugeuka njia ya stima. Plagi ya Taipu 2 ina pini 7, na zile mbili ndogo ni za ishara. Kupitia mojawapo, chaja hutuma volti 12, gari likiunganishwa hushuka hadi 9, na likiwa tayari kupokea chaji hufika 6. Chumvi yenye maji kati ya pini hiyo na ya erthi huharibu hesabu hiyo. Kwa hiyo chaja inayokataa alfajiri na kukubali adhuhuri, anza kuishuku hapo. Magari ya Nissan Leaf yaliyotoka Japani mengi yana Taipu 1 yenye pini 5, lakini ishara ni ileile.

Usioshe kwa maji ya kisima: Mombasa mengi yana chumvi, utakuwa unaongeza ulichotaka kuondoa. Kasha lifute kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo maji ya betri (yale safi, si asidi). Pini zisugue kwa mswaki laini mkavu, halafu pamba yenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Iache plagi ikiangalia chini dakika 30. Msasa, mafuta na mashine ya kuoshea magari viweke mbali kabisa. Pini nyingi zimepakwa fedha nyembamba. Ukiikwangua, shaba hubaki wazi na chumvi huanza kuila.

Kijani au buluu ndiyo shaba inayoliwa. Doa dogo safisha. Likirudi baada ya wiki chache, ile fedha imekwisha, badilisha plagi. Likiwa ndani ya kasha, maji yanaingia. Tazama glandi (kibanio cha kebo inapoingia kwenye kasha) na mpira wa kifuniko, na uone kama kebo inashuka kutoka juu moja kwa moja. Inatakiwa ipinde chini kwanza, ndipo ipande kuingia kutokea chini, ili matone yadondokee nje.

Weusi una sura mbili. Ukiwa sawasawa kwenye pini zote na plastiki haijabadilika, ni fedha iliyofifia tu, iache. Lakini masizi kwenye pini moja, plastiki ya kahawia au harufu ya kuungua ni muungano uliolegea. Upinzani wa omu 0.01 pekee, kwa ampea 32, hutoa wati 10 za joto hapohapo. Ukipunguza hadi ampea 16 joto hubaki robo, ila ubovu uko palepale. Acha kuchaji, umwite fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati ya Kenya) akaze skrubu kwa kipimo cha kitabu cha chaja na kukata sehemu ya waya iliyoungua. Wanaochaji kwa soketi ya kawaida ya ampea 13 wakague matundu yake pia: haikuundwa kubeba mzigo mkubwa usiku kucha, na ampea 10 ndiyo mwisho.

Kebo ikinata, jua linakamua mafuta ya plastiki yake, itafutie kivuli. Kinyesi cha mjusi au tope la nyigu kwenye kishikizo cha plagi toa kwa kijiti cha mti.

Ukimaliza, washa breka, bonyeza kitufe cha majaribio cha RCD (swichi inayokata stima ikivuja): isipokatika papo hapo, usichaji. Ikikatika, irudishe, chaji kwa nguvu zote dakika 30, kisha shika plagi. Uvuguvugu ni kawaida. Usipoweza kuikamata mkononi, zima. Wakati wa kusi rudia kukagua pini kila wiki mbili.