Jinsi ya Kuandika Ripoti ya Utafiti Bila Kunakili: Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa mwanachuo wa Mwanza anayeandaa ripoti ya utafiti. Mfano wetu utakuwa samaki wa Ziwa Victoria: sangara, na furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo. Kunakili kwingi huanza siku ya kusoma, kabla hata ya kuandika: aya ya mtandaoni inabandikwa kwenye faili la notsi bila alama, na wiki chache baadaye mwenye faili hajui tena ipi ni yake.

Hatua ya 1: Notsi

Gawanya ukurasa pande mbili. Kushoto weka maneno ya mwandishi ndani ya alama za kunukuu, pamoja na jina, mwaka na ukurasa. Kulia weka mawazo yako. Tumia daftari la karatasi. Humo huwezi kubandika.

Hatua ya 2: Kueleza kwa maneno yako

Hapa ndipo wengi hukwama. Tuseme chanzo kinasema: "Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, na kuongezeka kwake kulichangia kutoweka kwa aina nyingi za furu."

Mwanafunzi anabadilisha neno mojamoja: "Sangara aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, na kukua kwa idadi yake kulisababisha kupotea kwa aina nyingi za furu." Huu bado ni wizi wa kitaaluma, hata ukitaja jina la mwandishi, kwa kuwa sentensi imejengwa na yeye. Tena "kulichangia" limegeuka "kulisababisha": mwandishi alimtaja sangara kama sababu mojawapo, wewe umemtwika lawama yote.

Soma aya mara mbili, funga chanzo, mweleze mwenzako kwa mdomo, kisha andika ulichosema: "Furu wa aina nyingi hawaonekani tena Ziwa Victoria. Sangara, samaki mgeni aliyeletwa miaka ya 1950 hadi ya 1960, ni mojawapo ya sababu", kisha jina na mwaka. Sasa fungua chanzo ukague takwimu, uzito wa dai, na maneno manne au zaidi yanayofuatana kama yalivyo kwa mwandishi. Ukiyakuta, panga upya sentensi au yanukuu. Majina ya kitaalamu na ya mahali usiyaguse.

Kutafsiri makala ya Kiingereza kwa programu hakuifanyi kuwa yako. Hoja, mpangilio na mifano bado ni vya mwenyewe. Tafsiri za namna hiyo hujichongea pia: nani wa Kirumba, Mwanza, anaandika "sangara wa Mto Nile" kwa sababu tu Kiingereza kinasema "Nile perch"?

Hatua ya 3: Marejeo

Tumia Zotero, programu ya kupanga marejeo; ni bure. Kagua majina na miaka inayoingia yenyewe. Programu za akili unde huweza kubuni makala yenye jina, jarida na mwaka, lakini haipo popote. Chanzo ambacho hujakifungua mwenyewe, kifute.

Hatua ya 4: Data yako

Nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba ukaulize bei ya dagaa kwa gunia. Andika tarehe na idadi ya wauzaji uliowahoji. Maelezo ya mvuvi nayo yana mwenyewe: omba ridhaa yake, kisha yataje kama mahojiano.

Hatua ya 5: Ripoti ya mfanano

Turnitin, programu inayolinganisha kazi yako na maandishi mengine, huonyesha maandishi yanayofanana, haitoi hukumu. Asilimia 25 inaweza kuwa orodha ya marejeo na nukuu halali, na asilimia 6 ikawa aya nzima ya wizi. Fungua kila sehemu yenye rangi.

Usimpe mtu wa steshenari rasimu yako aikague kwa akaunti usiyoijua. Ikihifadhiwa kwenye hazina ya programu, kazi rasmi italinganishwa na rasimu hiyo na mfanano utakaribia asilimia 100. Mwombe msimamizi aikague kwa mpangilio usiohifadhi. Kama imeshahifadhiwa, mweleze kabla ya kuwasilisha, ukiwa na stakabadhi ya kidijitali ya ukaguzi wa kwanza yenye jina la kazi na tarehe.