Upinde unaopiga kelele? Funga sufu kwenye uzi

Kama uzi wa upinde wako unalia ukiachia mshale, nunua sweta kuukuu ya sufu pale sokoni Kadutu, hapa Bukavu, uifumue. Kata nyuzi 20 hivi za urefu wa kidole, zifunge kwa katikati kwenye uzi wa upinde, kisha uzichambue mpaka ziwe kishungi. Weka viwili: robo ya uzi kutoka juu, robo kutoka chini. Sufu inameza mtikisiko unaobaki mshale ukishatoka. Kishungi kikubwa mno kinapunguza mbio za mshale, na mvua yetu ya Bukavu ikikilowesha kinakuwa mzigo. Ila kama uzi umelegea na unakuchapa mkono, sufu haitasaidia kitu: uvue, uusokote mizunguko michache kwanza.